Nyumba Isiyooza

Hebu vuta picha. Ni Kwa Mathias, Kibaha, jua linazama, mabasi ya mikoani yanapunguza mwendo kwenye Barabara ya Morogoro, na taa za vibanda vya chipsi zinaanza kuwaka. Mbele ya duka la vifaa vya simu amesimama mwanamume mrefu, mwembamba, shati la kazini limemchomoka upande mmoja. Amekumbatia boksi. Amelishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga na hajui kichwa kiwe upande gani.

Huyo ni Faustine. Mtazame vizuri, maana ndiye tutakayekaa naye.

"Kaka, huu mzigo una nini ndani, mbona unachakacha kama njugu?" aliuliza Abdala, mwenye duka, ambaye alikuwa amemtunzia boksi tangu mchana.

"Vitofali vya kuchezea."

"Kumbe una mtoto."

"Sina."

Abdala akamtazama kidogo, kisha akarudi kwenye chaji zake. "Haya. Kila mtu na starehe yake."

Boksi lilikuwa limetoka Japani. Mwashi, mke wa Faustine, alikuwa mwalimu wa chekechea, na mwaka huo alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma huko. Mwenzake aliyerudi likizo ndiye aliyelibeba boksi mpaka Kibaha. Kabla Faustine hajafika nyumbani Misugusugu, sauti ya mkewe ilikuwa imekwisha kuingia kwenye simu, na aliisikiliza akiwa amesimama gizani karibu na mlango wake mwenyewe.

"Afisa wangu," ilisema sauti, kwa maana hivyo ndivyo Mwashi alivyomwita tangu alipoajiriwa kwenye ofisi ya serikali, kwa kumtania. "Hiyo ni nyumba ya kizamani ya huku, na bustani yake. Niliiona dukani nikasema, huyu bwana jioni hana kazi, atabaki anaongea na kuta. Jenga polepole. Kila jioni kidogo. Ukimaliza nitakuwa nimekaribia kurudi."

Aliisikiliza mara mbili. Kisha akafungua mlango.

Nyumba yao ilikuwa mpya, bado inanuka saruji, na viwanja vya jirani vingi vilikuwa vichaka. Walipohamia walikuwa wawili, wakacheka jinsi sauti zao zilivyokuwa zikirudi kutoka kwenye vyumba vitupu. Sasa alikuwa peke yake, na kitu pekee kilichokuwa kikirudi ni kikohozi chake. Bado alikuwa akisonga ugali wa watu wawili. Bado alikuwa akilala upande wa ukutani, akimwachia Mwashi upande wa mlango.

Basi jioni ile ile alichukua sinia kubwa, akaliweka sakafuni sebuleni, akamwaga vitofali.

Vilikuwa vidogo kuliko alivyotarajia. Kila kimoja kilikuwa na vinundu vya duara juu yake, vya kukishikia kitofali kinachofuata. Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu cha picha kinachoonyesha hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ilikuwa sakafu ya nyumba.

Faustine hakuanza na sakafu. Alianza na uzio.

Hakufanya hivyo kwa ubishi. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao wakaja kukaa Kurui, Kisarawe, na kwao mtu akihamia mahali hujenga boma kwanza. Nyumba itafuata. Mikono yake ilikuwa imeyaona hayo tangu utotoni, kabla hajapelekwa shule ya bweni. Kwa hiyo akazungusha uzio wa rangi ya mianzi, akasimamisha lango lenye kijipaa chake, akaliacha wazi kama lango la boma linavyoachwa wakati mifugo haijarudi.

Kila jioni akaongeza kidogo. Bwawa la vitofali vya buluu vinavyopitisha mwanga. Daraja jekundu lililopinda kama mgongo wa paka. Taa ya jiwe. Msonobari mmoja ulioinama. Mchanga mweupe wenye mistari, kama uliopitiwa na reki asubuhi. Bustani ikawa nzuri, nzuri sana, na katikati yake palikuwa na uwazi wa mraba ambapo nyumba ingekuja.

Asubuhi moja, akifunga viatu aende kazini, aliona lango limefungwa.

Alikumbuka aliliacha wazi. Akafikiri ni upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini watu tunafikiri hivyo hivyo tunapotaka kuwahi kazini.

Kisha akajenga nyumba yenyewe. Kibaraza cha mbao kilichozunguka pande zote. Milango myeupe kama karatasi, ambayo haifunguki kwa kuvutwa bali kwa kusukumwa pembeni. Chumba kimoja, kitupu, kisafi. Halafu paa la rangi ya masizi, zito, lenye ncha zilizoinuka. Kipande cha mwisho kilikuwa kile cha mgongo wa paa.

Alikibonyeza. Kikaingia. Tik.

Sasa sikiliza alichofanya. Alikunywa maji kwenye kikombe, asiyameze, akayapuliza juu ya paa kama manyunyu. Alimwona baba yake akifanya hivyo zamani, nyuma ya zizi, alipomaliza kuezeka kijumba fulani kidogo. Faustine alikuwa mtoto, alichungulia kupitia miiba, na akaenda shuleni akiamini kwamba hivyo ndivyo nyumba inavyomalizwa. Baba yake baada ya kupuliza maji alitaja jina. Faustine naye akataja jina. Alilitaja kwa upole, kwa sababu alikuwa amelikosa mdomoni.

"Hii ni nyumba ya Mwashi."

Akajicheka. Akapiga picha, akaituma Japani, akaenda kupasha ugali.

* * *

Ilikuwa jioni iliyofuata, wakati adhana ya magharibi ilipokuwa imekwisha na umeme umekatika. Faustine alikuwa amekaa kwenye kiti, simu mkononi, anasubiri.

Srrrr…

Sauti ndogo. Kama mtu anayeburuta kucha juu ya plastiki.

Alimulika kwa simu. Mlango mweupe wa ile nyumba ulikuwa umesogea. Ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha kidole.

Kisha ikaja harufu. Mafuta ya nazi na chaki. Harufu ya Mwashi akirudi kutoka shuleni.

"Afisa…"

Ilikuwa mnong'ono, karibu na sakafu.

"Afisa, uko?"

Alitaka kukimbia, na miguu ilikuwa tayari. Lakini hebu mfikirie. Alikuwa ameishi miezi bila mtu wa kumwuliza kama yupo.

"Nipo," akasema.

Tangu hapo kila jioni alikuwa akiwahi nyumbani. Hakupita tena kwa Abdala kupiga soga. Alikuwa akiketi kwenye jamvi kando ya sinia, taa imezimwa, na akisubiri mlango usukumwe. Sauti haikusema mengi. Ilimwuliza kama amekula. Ilimwuliza kama mvua imenyesha. Mara moja alimsimulia jinsi bosi wake alivyosinzia kikaoni mpaka akaangusha miwani kwenye chai, na mle ndani mkasikika kicheko, kile kile cha Mwashi, cha kuanzia puani.

Asubuhi yake jirani yake, Tatu, aliyekuwa na genge la mboga pembeni ya barabara, alimkamata njiani.

"Kaka Faustine, wifi karudi lini?"

"Hajarudi."

"Usinifiche. Jana nimemsikia anacheka kwa masikio haya. Nikasema, ndiyo mambo ya kutoka ng'ambo, jirani hata pipi hapewi."

Faustine alitabasamu vibaya, akachukua fungu la mchicha ambalo hakulihitaji. Mpaka siku ile alikuwa amejiambia kwamba ni upweke tu unaomchezea. Sasa masikio yalikuwa manne.

Na huku hayo yakiendelea, yule Mwashi wa kwenye simu alikuwa anafifia. Alianza kwa kupiga miayo katikati ya maneno. Kisha akawa hapokei. Akipokea, ni kama anaongea akiwa chini ya blanketi.

"Silali vizuri," alisema. "Yaani nalala, lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hospitali wamepima kila kitu, hawaoni kitu."

"Pole, mama. Ni baridi labda."

"Naota, Afisa. Ndoto moja tu. Niko kwenye nyumba, naambiwa ni yangu. Sakafu yake ina vinundu. Vya duara, vimejipanga mistari mistari, nikitembea miguu inauma. Nje kuna bwawa. Nimeingiza mkono. Maji yake hayaloweshi."

Faustine alilitazama sinia.

"Na kuna mama mmoja mle ndani. Mtu mzima. Nilimkuta. Ananichana nywele, ananiambia, tulia, umefika kwako. Sijawahi kuuona uso wake. Anakaa nyuma yangu."

Ilikuwa saa moja magharibi Kibaha, na kule Japani usiku wa manane ulikuwa umepita. Simu ikakatika. Na hapo hapo, kando ya goti lake…

Srrrr…

"Afisa, uko?"

Kwa mara ya kwanza hakuitikia.

Siku mbili baadaye alipigiwa na Margareth, Mtanzania mwingine aliyekuwa akikaa bweni moja na Mwashi. "Shemeji, nisikilize na usishtuke. Mwashi hakuamka asubuhi. Yuko hai, anapumua, lakini haamki. Wamemlaza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kusema: "Na nyayo zake, shemeji… zina alama za duara. Nyingi. Madaktari wananiuliza mimi."

* * *

Faustine alifika Kurui mchana, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Mama yake, Bibi Kashinje, alikuwa amekaa mlangoni anasukasuka maziwa kwenye kibuyu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umekonda. Huko serikalini mnakula nini, karatasi?"

Alikaa chini, kwenye ngozi, akaeleza yote. Alieleza kwa haraka, akiruka yale ya kuonea haya. Mama aliendelea kusukasuka. Kibuyu kilikuwa kikisema chwa, chwa, chwa.

"Ulianza na nini?"

"Uzio. Na lango."

"Lango likakaa wazi?"

"Jioni nyingi."

"Bila mwenyewe?"

"Lakini ni la kuchezea, mayu."

"Sijakuuliza ni la nini." Chwa, chwa. "Na paa?"

Faustine aliinamisha kichwa. "Nilipuliza maji. Kama baba."

"Ukataja jina?"

"Nikataja la mke wangu."

Kibuyu kikasimama.

Kuku walikuwa wakiparua pembeni. Mama alitazama upande wa zizi, pale ambapo kulikuwa na vijumba viwili vya nyasi, vidogo, visivyofika kiunoni, kimoja kimekwisha kulala upande. Faustine alikuwa amekua akivipita bila kuviuliza.

"Mke wako amekufa?"

"Hajafa."

"Basi kwa nini umemjengea?"

Mama akashusha pumzi na kuongea polepole, kama anavyoongea na ndama mgonjwa. Nyumba ndogo kama ile, alisema, hujengewa wazee waliokwisha kufa. Anapulizia maji yule aliyeijenga, anamtaja mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakuja kukaa. Anakaa karibu na watu wake kwa muda. Ndiyo maana hujengwa kwa nyasi na fito nyembamba. Mvua inapiga, mchwa wanakula, inaanguka yenyewe, na aliyeitwa anarudi kupumzika.

"Sisi hatumfungi mtu," alisema. "Tunamkaribisha tu. Yako umeijenga kwa nyasi?"

"Plastiki."

"Plastiki inaoza lini?"

"Haiozi, mayu."

Mama akavitazama tena vile vijumba vya nyasi.

"Nikiichoma?" Faustine akauliza.

"Na aliyemo?"

Aliporudisha macho kwa mwanawe, alikuwa ameamua. Aliyejenga ndiye atakayebomoa, kwa mkono wake, kilichowekwa mwisho kitoke kwanza. Aanze jua likigusa miti, amalize kabla giza halijafunga. Asipige, asivunje. Na sauti yoyote itakayomwita, asiitikie, hata ikiwa tamu, hata ikilia. Kila alipoitikia alikuwa anamkaza kama kigingi.

"Lango litatoka mwisho. Liache wazi. Mkwe wangu atapita hapo."

"Na yule mama anayemchana nywele?"

Mama alichukua kibuyu tena, lakini hakukisukasuka. "Huyo simjui. Uliacha boma wazi, tupu, jioni baada ya jioni. Njiani kuna wengi ambao hakuna aliyewajengea."

* * *

Jua lilikuwa linagusa mikorosho Faustine alipopiga magoti mbele ya sinia.

Kipande cha mgongo wa paa kilikataa kwanza. Alikichokonoa kwa kucha. Kikatoka. Tik.

Ndani ya nyumba kitu kilijigeuza, kama mtu aliyefunuliwa shuka.

"Afisa? Unafanya nini?"

Akatoa kipande cha pili. Cha tatu.

"Afisa, baridi inaingia."

Harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa nzito mpaka akaionja. Paa lilitoka upande mmoja, kisha wa pili, na yeye alikuwa akitazama vitofali tu, hakutazama ndani. Aliogopa kuona kwamba hamna kitu. Aliogopa zaidi kuona kwamba kimo.

"Umechoka na mimi?" Sasa ilikuwa inalia, taratibu, kile kilio cha kujizuia. "Ulisema nyumba imekuwa kubwa. Nimekuja kukaa na wewe. Ukibomoa, jioni utaongea na nani?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alijua kabisa alichokuwa anakitoa kwa mikono yake. Kesho angerudi kwenye kuta na kikohozi. Ugali wa watu wawili. Kwa kitambo kidogo mkono wake ulisimama juu ya mlango mweupe, na mdomo wake ulikuwa tayari kusema nipo.

Simu ikaita.

Iliita kwenye kiti nyuma yake. Jina la Mwashi liliwaka kwenye kioo, na picha yake ile ya siku ya harusi. Inaweza kuwa hospitali. Inaweza kuwa Margareth, na neno ambalo hakuna mtu anapenda kulipokea. Iliita mpaka ikakata. Ikaita tena.

Sauti yoyote, mama alisema.

Faustine aliuma mdomo wa chini mpaka akasikia chumvi. Akautoa mlango. Akatoa ukuta. Akatoa kibaraza, mbao moja moja. Akatoa sakafu. Nje mwanga ulikuwa umekuwa wa kijivu. Akautoa mchanga, msonobari, taa ya jiwe, daraja. Bwawa lilipotoka vidole vyake vilikuwa vikavu, na baridi kama vilivyotoka kwenye barafu.

Uzio ukaisha. Likabaki lango peke yake katikati ya sinia, wazi.

Kilio kilikuwa kimekoma.

Halafu zikaja nyayo. Ndogo, nyepesi, za mtu asiye na viatu anayekanyaga mahali panapouma. Zilipita langoni. Zikaenda, zikaenda, zikawa mbali kuliko ukuta wa sebule ulivyokuwa, mbali kuliko barabara, mpaka akawa hazisikii tena. Faustine alifumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Alinyoosha mkono amalize lango.

Na nyayo za pili zikapita.

Hizi zilikuwa nzito. Hazikuwa na haraka. Zilitoka langoni, zikapanda ukingo wa sinia, zikashuka kwenye jamvi.

Hazikwenda mbali.

* * *

Mwashi alipiga mwenyewe asubuhi. Sauti ilikuwa imechoka lakini ilikuwa sauti, na nyuma yake palisikika vyombo na watu.

"Afisa, nimeamka. Nimekula wali mpaka wauguzi wanacheka. Margareth anasema alikupigia jana kwa simu yangu, ukagoma kupokea."

"Nilikuwa… nilikuwa nabomoa."

"Najua. Niliona juu kunafunguka. Nikakuita sana. Halafu yule mama akanishika mkono, akanipeleka mpaka getini. Alikuwa mpole. Akaniambia, wewe nenda kwenu. Mimi nimefika."

Faustine hakumwambia lolote kuhusu nyayo za pili. Alimwambia anampenda, na kwamba mvua imenyesha, ingawa haikunyesha.

Siku chache zilipita kimya. Alivirudisha vitofali kwenye boksi, akalifunga kwa utepe wa gundi. Alianza tena kupita kwa Abdala. Kisha Tatu alimsimamisha gengeni.

"Mgeni wako huyo mama mkubwa ni wa Kurui? Nimemsalimia shikamoo, hakuitikia. Na umwambie basi, huku kwetu magharibi hatufagii uwanja. Jana nimemwona, anafagia tu, barabara kaipa mgongo."

"Ana sura gani?"

"Si nakwambia alinipa mgongo."

Faustine alimpigia mama yake palepale, amesimama kati ya nyanya na vitunguu. Bibi Kashinje alisikiliza mpaka mwisho.

"Hana nyumba, kwa hiyo amechukua iliyopo," alisema. "Si mbaya huyo, amechoka tu kutembea. Njoo naye. Nitamjengea ya nyasi hapa kwangu, iwe ya muda, ianguke, akapumzike kama wenzake. Lakini nitahitaji jina la kutaja. Muulize anaitwa nani."

Basi jioni ile Faustine alikaa sebuleni bila kuwasha taa. Hakukuwa na sinia tena. Palikuwa na jamvi na kiti, na kutoka chumbani, upande wa kitanda ulio karibu na mlango, palikuwa na sauti ya kitana kinachopita kwenye nywele. Polepole. Kinapita, kinasimama, kinapita.

"Shikamoo, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kitana kikasimama.

"Sitakufukuza. Nataka kukupeleka kwa mama yangu, ujengewe. Naomba jina lako tu."

Ikaja harufu ya mafuta ya nazi, na chaki.

"Jina si umenipa wewe," ilisema sauti, nzito, ya mtu mzima, na ndani yake palikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu alichokitafuta miaka. "Ulilitaja nikiwa ndani. Naitwa Mwashi."

Bibi Kashinje hajajenga kijumba mpaka leo. Haiwezekani jina lile kutajwa tena juu ya paa, maana lingemwita na yule aliye hai.

Mwashi amepona, anasoma, na amekwisha kununua mabegi ya kurudia. Kila akipiga simu hucheka na kumlalamikia mumewe kwamba siku hizi amekuwa na mambo ya kizee, anamwita mama, anamwita mwalimu, hamwiti kwa jina lake hata mara moja. Faustine humjibu kwamba ni mapenzi. Hajampa sababu. Alimwita kwa jina jioni moja tu, kwa kusahau, simu ikiwa sikioni. Mwashi akaitika kutoka Japani.

Na mwingine akaitika kutoka chumbani.

Basi wewe uliyenisikiliza, huenda nawe una mtu wako aliye mbali, na jioni nyumba inakuwa kubwa. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukimkosa, mpigie simu, umngoje mpaka apokee. Usimjengee.